Jina Chini ya Waya

Nziiiii.

Sauti ile ilivuka reli, ikapita juu ya masufuria na magodoro ya watu, ikanikuta nimelala chini ya hema la plastiki kwenye stesheni ya Kolwezi. Ikakatika ghafla, gita likaanza kuimba. Wimbo ulipokwisha, nziiiii, ikarudi.

Nikaketi.

"Mama, unasikia ile?"

Mama yangu, Mama Mushiya, alikuwa anachambua maharagwe. "Ni kwa bar ya Elise. Leo kuko fiançailles, banavalishana pete ya uchumba."

"Ile gita ni yangu."

"Yako baliichoma. Stany mwenyewe njo alituambia."

"Mama, katika mji huu kuko gita moja tu yenye kunguruma mpaka mtu aguse nyuzi. Sikuifunga waya wa ardhi. Kazi ya dakika tano ilibaki."

Ulikuwa mwaka 1993. Migodi ilikuwa imekufa, na watu walitafuta wa kulaumiwa wakatuona sisi, tuliozaliwa Musonoi na wazazi wa kutoka Kasai. Walituita bilulu, wadudu, wakatufukuzia stesheni tungoje treni za kwenda Kasai. Siku walipotutoa nyumbani niliokoa kitu kimoja: gita la umeme nililolitengeneza kwa miezi saba. Kiwiliwili chake kilikuwa ubao wa mlango, na nyuzi zake nyaya za breki za baiskeli. Ndani nilitia sumaku ya spika iliyopasuka, nikaizungushia waya wa shaba wa feni mbovu, mwembamba kama unywele, mizunguko elfu nne kwa mkono. Hata Mignonne, mchumba wangu, sikuwa nimemwonyesha. Nilitaka alione limekwisha.

Nikampa rafiki yangu Stany alifiche. Yeye ni mwenyeji, nyumba yake hakuna aliyeigusa.

Wiki iliyofuata Stany alikuja stesheni na uso wa msiba. Gita limechomwa, alisema. Kisha akanipa karatasi ya daftari:

"Blanchard, usinitafute. Baba yangu ana haki. Siwezi kuolewa na Mukasai. Mignonne."

Nikaikunja, nikaitia mfukoni. Mimi simbembelezi mtu.

"Usivuke reli," mama akasema. "Kule batakupiga."

"Bapige mwenye kufuata kitu yake."

Bar ya Elise ilikuwa imejaa. Stany alisimama katikati na tai shingoni, gita kifuani. Alikuwa amelipaka rangi nyekundu, na juu yake ameandika jina lake kwa herufi nyeupe kubwa, kama kibao cha duka la mikate. Karibu naye waliketi watu wa upande wa mchumba wake: Tata Kalumba, mzee aliyeongoza mafundi umeme mgodini miaka ishirini na sita, na binti yake.

Binti yake alikuwa Mignonne.

Aliponiona, chupa ya Fanta ilimponyoka.

"Blanchard? Balisema ulienda na treni ya kwanza."

"Nani alisema?"

Alimgeukia Stany.

"Nani ameacha hiki kilulu kiingie?" Stany akauliza watu. Vijana wawili wakanyanyuka.

"Ikaleni," Tata Kalumba akawaambia. "Ni mutoto ya Tshilombo. Nilifanya kazi na baba yake. Unatafuta nini, mutoto?"

"Gita yangu, tata."

Stany akacheka. "Yake! Hajui kusoma? Jina ni hili. Ni mi njo niliitengeneza, na mikono yangu hii."

"Mikono hiyo," nikasema, "haijatandika hata kitanda asubuhi."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa.

"Niambie basi, fundi," nikamgeukia Stany. "Juu ya nini inanguruma?"

"Ni sauti ya kisasa."

"Na bobina yake, ile sumaku yenye waya, iko na mizunguko mingapi?"

"Ya kutosha."

"Ya kutosha," nikarudia polepole, ili kila mtu aionje.

Tata Kalumba aliweka bilauri yake chini.

"Stany, kuzungusha waya ulijifunzia wapi?"

"Kwenye atelier ya mgodi, tata. Kwa watu benu."

"Muzuri. Na jina uliweka fasi gani?"

Stany alifurahi. Akaligonga lile jina jeupe kwa kidole. "Si hii hapa, tata? Kubwa kabisa."

Tata Kalumba alinigeukia. Katika atelier ile, karakana ya mgodi, kabla ya mzunguko wa kwanza, fundi huandika jina lake na tarehe kwenye karatasi inayokaa chini ya waya. Mota ikirudi imeungua, waya unafunguliwa, na aibu inajulikana ni ya nani. Hakuna fundi wa waya anayeandika jina nje.

"Na weye, mutoto?"

"Chini ya waya, tata."

"Kuona, lazima tufungue. Gita itakosa sauti."

Nililitazama. Miezi saba. Nilikuwa nimekesha siku ngapi na vidole vilivyochanika? Ningeweza kulinyakua tu nikimbie. Lakini mwizi ndiye anayekimbia.

"Fungueni."

"Ataniharibia kitu yangu!" Stany akasema.

"Mi njo nitafungua," alisema Mignonne.

Alilichukua gita mikononi mwa Stany bila kumtazama. Akachukua chupa tupu ya bia, akashika ncha ya waya, akaanza kuuhamisha, mzunguko kwa mzunguko, juu ya chupa. Ilichukua muda mrefu. Stany alitupa utani mara mbili, haukuokotwa na mtu. Waya haukukatika hata mara moja.

Karatasi ikatokea. Tata Kalumba akavaa miwani, akaisoma kwa sauti, kama anavyosoma ripoti ya hitilafu:

"Tshilombo B., Musonoi, tarehe 11, mwezi wa pili, 1993.

Mgodi ukinyamaza, wewe utanisikia,
Shaba yote wakiuza, hii nimekutunzia."

Akavua miwani.

"Stany, toka."

"Tata, juu ya Mukasai?"

"Juu ya mwizi. Toka."

Alitoka akasahau koti lake. Hakuna aliyemkimbilia nalo. Nilimsindikiza kwa macho mpaka barabarani, na nakiri nilifaidi kila hatua yake.

Kisha nikatoa ile karatasi ya daftari, nikamtupia Mignonne mezani.

"Sasa weye. Eleza barua yako."

Aliisoma. Aliisoma tena.

"Sikuandika hii. Nani alikupa?"

"Stany."

"Na ulimwamini."

"Weye pia ulimwamini kuwa nimeenda."

"Hapana, Blanchard. Mi nilikuja kuangalia. Siku mbili nilitembea kati ya mahema yenu nikiita jina lako mpaka koo ikakauka. Njo kisha nikamwamini. Ulikuwa wapi?"

Watu wote walinitazama. Ningeweza kusema nilikwenda kuteka maji.

"Nilikuwa pale."

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia. Nilivuta blanketi, nikajifunika kichwa."

Macho aliyonitazama nayo niliyajua. Ndiyo yale niliyomsindikizia Stany.

"Stany aliiba gita, na haya hana," alisema. "Lakini weye unaandika 'wewe utanisikia,' na mi nikiita unajifunika blanketi. Karibu nipewe yule mutu, juu ya kiburi yako."

Nilitafuta neno kali. Nina maneno makali mengi. Badala yake nikaichana ile barua.

Treni ikapiga honi. Ng'ambo ya reli mama aliita jina langu.

"Hiyo ni treni yenu," Tata Kalumba akasema, macho chini. "Hapa siwezi kukuficha, mutoto. Bangechoma nyumba."

"Najua, tata."

Mignonne alinipa gita, ubao mtupu sasa, na ile karatasi yenye jina. Chupa yenye waya aliikumbatia.

"Waya inabaki na mi. Elfu nne, sijakata hata moja. Siku utaniambia uko fasi gani, nitaileta na mikono yangu. Lakini kwanza sema kitu, weye wa mashairi. Kwa sauti. Hawa wote basikie."

Niliwatazama hawa wote: walevi, wachochezi, vijana wawili waliotaka kunivunja mbavu. Hapakuwa na mmoja ambaye ningemkopesha hata salamu. Nikasimama mbele yao, kibao chekundu kifuani, kikiwa bado na jina la mwizi.

"Mignonne wa Kalumba," nikasema, kwa sauti iliyofika mpaka relini, "nikiwa Kasai au kokote, nikiwa na njaa, nikiwa na hasira, hata wakiniletea barua mia: ukiniita, nitaitika. Mara ya kwanza."