Mdai wa Kofia

Kofia ilikuwa na joto. Kijakazi aliishusha msumarini apanguse vumbi, akahisi viganjani joto la kichwa cha mtu, kana kwamba imevuliwa sasa hivi. Ndani ya ngozi mlikuwa na jasho. Na mwanawe Mfaume, mwenye kofia, alikuwa kitandani tangu mwezi uliopita, mguu umefungwa banzi.

"Umeivaa hii?"

"Mama, hata msalani naenda nimekuegemea wewe. Hiyo nitaifuata kwa mguu gani?"

Akairudisha msumarini, akaenda kutwanga. Mtama haujitwangi.

Hiyo ilikuwa enzi ya Wadachi, miaka michache baada ya Vita vya Majimaji. Mume wa Kijakazi alifia huko Umatumbi, amenyweshwa maji ya dawa na kuambiwa risasi hazitamwingia. Tangu hapo Kijakazi aliamini kinga anayoweza kuishika kwa mkono. Kwa hiyo Bwana wa shamba la mkonge alipompa Mfaume baiskeli ya moto, mashine inayokwenda bila kukanyagwa, apeleke barua kutoka Mchinga hadi Lindi, mama hakutafuta hirizi. Alichukua kofia kuukuu ya ngozi aliyoitupa Bwana, akaijaza sufi tele, akashona na kamba ya kufungia kidevuni. Akaomba na koti la ngozi. Vijana walimcheka Mfaume kila alipopita: "Kobe huyo, kabeba nyumba yake."

Yahya, tarishi aliyemtangulia, alivaa kofia ya kitani, akaangukia kwenye kona ya mkwaju na hakuamka. Mfaume naye alianguka pale pale, jua la utosi. Mashine ilimkokota juu ya mawe. Koti lilichanika badala ya mgongo, kofia ikapasuka badala ya kichwa. Kilichovunjika ni mguu, ambao haukuvikwa kitu.

Baada ya joto la kofia ikaja harufu. Kila adhuhuri, watu wakiwa mashambani, chumba kilinuka mafuta ya mashine na nywele zilizoungua. Kisha zikaja sauti. Siku moja Kijakazi alikuwa anampepea mwanawe aliposikia chini ya kitanda mngurumo mdogo kama wa paka aliyelala, akainama akaona udongo mtupu, akainuka, na mngurumo ukainuka naye, ukapita kwenye kamba za kitanda, ukapita kwenye mguu wenye banzi, ukapanda kifuani mwa Mfaume hadi kooni, naye akafumbua macho yasiyomtambua mama yake, akaanza kujipigapiga kichwa ukutani, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina watu.

Kijakazi akamwita Binti Pazi wa Rasbura, mganga mtu mzima, mpole. Alifukiza ubani, akamfunika Mfaume shuka jeupe.

"Shikamoo, mgeni," alisema.

"Marahaba." Mdomo ulikuwa wa Mfaume, sauti haikuwa yake.

"Umetokea wapi?"

"Mkwajuni. Nilipiga kichwa, nikakuta ngozi. Nimedhulumiwa."

"Tukupe nini umwache kijana?"

"Kofia."

Kijakazi alimvuta mganga kanga. "Mpe mbuzi, bibi. Mpe na kaniki mpya," alinong'ona.

"Nakusikia, mama," ilisema sauti chini ya shuka. "Mbuzi hakunizuia. Kofia ndiyo iliyonizuia."

"Bibi, nikiitoa, mwanangu atavaa nini barabarani?"

"Usipoitoa atavaa sanda humu ndani," alijibu Binti Pazi bila ukali. "Jini akitaja kitu, hupewa hichohicho. Naye hutimiza lile tu aliloapa. Ndiyo desturi yao."

Mfaume alikuwa ameacha kupumua. Shuka lilitulia juu ya uso wake. Kijakazi akaitoa kofia msumarini.

"Utashuka kichwani mwake?" mganga aliuliza.

"Nitashuka."

"Utatoka nyumba hii?"

"Nitatoka."

"Kitandani hutarudi?"

"Sitarudi."

Binti Pazi akaridhika. Wakaipeleka kofia kwenye kona pamoja na wali na ubani, wakaondoka bila kugeuka nyuma. Waliporudi, Mfaume alikuwa anaomba uji.

Mguu ulipounga, alikuja Salumu, nyapara wa shamba. "Barua zimelala, mama. Bwana anamtaka."

"Ningoje nimalize kofia nyingine. Nashona ya ngozi ya mbuzi."

"Bwana hangoji kofia. Kiboko tu ndicho kinachongoja watu pale shambani."

Alishona mpaka vidole vikatoka damu. Siku ya tatu, jua likiwa la utosi, amebakiza mishono ya kamba, akasikia mashine inakuja kutoka shambani. Akatoka mbio, sindano ikining'inia kwenye uzi.

"Simama uvae," alimwita.

"Nikirudi, mama. Nimechelewa," Mfaume alisema, akapita kichwa wazi, akicheka kidogo kumtuliza.

Ndipo akamwona wa pili. Juu ya chuma cha nyuma, panapofungwa mfuko wa barua, alikaa mtu mrefu aliyempa mgongo, miguu haionekani inapoishia, sufi imechomoza kwenye mpasuko wa kofia aliyovaa, kamba imekazwa barabara kuelekea kidevuni, mikono miwili ameizungusha kiunoni mwa mwanawe kama abiria anayeogopa kuanguka, na watu waliobeba kuni walipisha mashine, wakamsalimu Mfaume kwa jina, wasimsalimu mwenzake.

Kichwani alishuka. Nyumbani alitoka, kitandani hakurudi. Barabara hakuna aliyeitaja.

Kijakazi alikimbia nyuma yao na kofia mpya mkononi. Alijua mtu hafukuzi mashine kwa miguu, na aliendelea kukimbia.