Mapigo Yangu kwenye Bangili ya Mama

Nina miaka thelathini na sita, nilimaliza kidato cha nne, na bado nilifanya ujinga ambao hata mbuzi wa kijijini kwetu Lionja wasingeufanya. Mama yangu alipewa kifaa cha kupima moyo wake… nikakivaa mimi! Cheka kwanza, msomaji. Mimi nilishacheka, sasa nalia.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sokoni naenda kwa kulazimishwa, shambani kwa kusukumwa. Tangu ndoa yangu ivunjike nimerudi kwa mama, hapa Nachingwea, na mkeka wa ukumbini unalijua umbo langu kuliko mume alivyowahi kulijua.

Mama alikuwa na moyo unaorukaruka. Hospitali wakatuunganisha na watafiti waliokuwa wakijaribu bangili nyeusi, kama saa isiyo na mishale. Muuguzi wao alitueleza taratibu: wataalamu wamechunguza jinsi moyo unavyopoteza mpangilio kabla ya kiharusi, na sasa wanataka ugunduzi huo utoke kwenye makaratasi, uje mkononi mwa mgonjwa. Moyo ukienda kombo, bangili inapeleka taarifa kwao, nao wanapiga simu awahi hospitali kabla hajaanguka. Akasisitiza: asiivue, na asiivae mwingine. Mama akaweka dole gumba. Mimi nikasaini kama shahidi… shahidi gani mimi!

Mara mbili walipiga simu, mara mbili mama akawahi dawa, akatulia.

Ikafika likizo ya mwezi wa sita, msimu wa unyago. Mama ni kungwi. Wari, mabinti wanaochezwa, wa Malolo, kule Ruangwa, walikuwa wanamsubiri yeye. Asubuhi ya safari akaivua bangili, akaniwekea kiganjani.

"Hiki kidude kinapeleka habari kwa watu," akasema. "Mambo ya unyago hayapelekwi kwa watu, mwanangu."

Nikamwambia kinasikia moyo tu, hakisikii nyimbo. Akanicheka: "We na elimu yako! Anayesikia moyo atashindwa kusikia nyimbo?"

Ningempigia muuguzi, angekuja kumwelewesha. Lakini niliogopa. Tungetolewa kwenye utafiti, ningeonekana mtunzaji asiyefaa… Basi nikaivaa. Na nikajiona mjanja!

Nikalala mkekani na tamthilia zangu. Moyo wangu, ambao haujawahi kukimbilia hata basi, ukapiga polepole kama mchi wa mvivu. Siku ya tatu muuguzi akapiga simu kwa furaha: mama anaendelea vizuri ajabu, kwa hiyo daktari hana haraka ya kumwona wiki hii. Nikamjibu alhamdulillahi. Hivi mtu anamshukuruje Mungu kwa uongo wake mwenyewe?

Siku ya tano, wari wakitolewa, mama alianguka katikati ya ngoma. Wenzake wakadhani ngoma imemkolea, wakapiga vigelegele… vigelegele! Walipouona mdomo umepinda ndipo wakatafuta pikipiki ya kumkimbiza hospitali.

Mimi nilikuwa mkekani. Bangili ilikuwa inawaka kijani.

Muuguzi alikuja mwenyewe hadi wodini. Akautazama mkono wangu, akauliza mapigo ya siku zile tano yalikuwa ya nani. Hakunitukana. Alisema tu kwamba taarifa zetu zote zitafutwa, maana kifaa kikijifunza kwa moyo wa mzima kitampoteza mgonjwa mwingine, mtu nisiyemjua hata kwa jina. Afadhali angenitukana!

Leo upande wa kulia wa mama umekufa, ulimi umegoma. Nyimbo zote zimebaki humo humo kifuani mwake. Ananitazama tu… Ananisamehe? Ananilaani? Nitajuaje?

Wenzangu, ukikabidhiwa kipimo cha mgonjwa, usikipendezeshe. Majibu mabaya yaende hivyo hivyo mabaya. Kama mzee wako anakiogopa kifaa, waambie wahusika anakiogopa. Aibu ya kusema hivyo ni ya siku moja. Yangu naigeuza kitandani kila asubuhi. Nawasihi, msipite nilikopita.

Nami bado nina tabia ya kutafuta pa kutupia lawama. Juzi nilikuwa nimekaa kwa jirani yetu, Mama Hadija, nikimlilia kwamba hivi vifaa vya kisasa havifai, vimetudanganya. Akaacha kubangua korosho zake, akachungulia barazani kwetu alikolazwa mama, kisha akanigeukia:

"Kile kidude hakijasema uongo hata siku moja, we Zuhura. Mwongo wewe. Na acha kulia hapa, mama yako kajikojolea, nenda kambadilishe."