Bango Lililobaki Musienene

"Ni nani alifanya hivi?"

Aliyeuliza ni Ariel, na siku ya mahari bwana harusi haulizi kitu. Anakaa kimya akiangalia viatu vyake, wazee wa pande mbili wanasemezana kuhusu mbuzi. Lakini yeye alisimama katikati ya sebule ya watu, hapo Mususa, mtaa wa Butembo, kidole kimeelekea ukutani, na mjomba wake Melchior, msemaji wa ukoo wao, alikuwa bado na neno mdomoni.

Kahongya, bibi harusi mwenyewe, alijibu kwa furaha, maskini, akidhani anasifiwa.

"Ni mimi, chéri. Nilipeleka ku papeterie, bakaplastifier zote. Nilitaka ikuwe surprise yako."

Ukutani yalitundikwa mabango ya sinema za Kihindi ya marehemu baba yake Kahongya, Mathe, aliyekuwa na ukumbi wa video kule Beu, mjini Beni. Mabango ya zamani, yaliyochorwa kwa mkono kabla ya kuchapwa: wanawake wenye machozi makubwa, wanaume wenye masharubu na bunduki, nyoka, treni, moto. Mathe hakujua hata neno moja la Kihindi, lakini alisimama mbele ya watazamaji akawasimulia kila filamu kwa sauti, na watu walitoka wakifuta macho. Kahongya ni mshonaji, na shingo za blauzi alijifunza kuzikata kwa kuyatazama mabango hayo. Mabibi harusi wengi wa Mususa wamevaa sinema bila kujua.

Sasa, Butembo mtu akipenda karatasi yake huivika plastiki. Diploma, cheti cha ubatizo, picha ya marehemu, vyote, kwa sababu vumbi halichagui. Mashine ya papeterie, duka la karatasi na kalamu, ilikuwa ndogo, kwa hiyo fundi aliyakata mabango vipande, akavivika kimoja kimoja, na Kahongya akaviunga tena kwa utepe wa skochi. Aliona yamependeza kweli.

"Ulikata," Ariel alisema. "Ulikata ma-affiche sawa mutu anakata majani ya sombe."

Huyu Ariel inabidi aelezwe, ingawa hastahili wino. Kijana wa Beni, skafu shingoni hata jua likiwaka, anajiita collectionneur. Hakuna alichowahi kukusanya isipokuwa maneno: patrimoine, mémoire, art populaire. Alifika kwa Kahongya kupunguza suruali, akaona bango juu ya cherehani, na wiki hiyohiyo mapenzi yakamshika. Kila alipopiga simu aliuliza kwanza habari za mabango, kama yako pakavu, ndipo akakumbuka kuuliza habari zake. Marafiki walimwambia Kahongya, naye akasema wana wivu. Mapenzi bwana, yanaweza kumfanya mshonaji asione mshono uliofumuka.

Shangazi yake Kahongya, Kaswera, alimwomba Ariel akae. Hakukaa.

"Tantine, hamuelewe. Kuko galerie moya ya kuuzisha picha ku Kinshasa ilikuwa inazingojea. Nilishabaambia ndiyo. Sasa ni takataka. Donc mi nitafanya nini na hii yote?"

"Hii yote njo nini?" Kahongya aliuliza polepole. "Ma-affiche, ao mimi?"

Ariel aligeukia ukuta.

Aibu ilimpanda Kahongya mpaka masikioni. Gauni alilovaa alilishona mwenyewe kwa ajili ya mtu huyu, kwa shingo ya yule mwanamke wa bango la treni. Alitaka kulia. Kisha akamwona akikwaruza plastiki kwa kucha, taratibu, kwa huruma ambayo hajawahi kumgusa nayo yeye, na machozi yakakauka yenyewe. Badala yake akajaa dharau, na dharau ile ilimtuliza vizuri.

"Ariel, kuko moya yenye sikuplastifier."

Kucha ikasimama.

"Iko wapi?"

"Kwa koko, mama ya papa, kule Musienene. Ile kubwa, ya mwanamuke na nyoka. Papa alimupatiaka."

"Haikukatwa?"

"Hapana mutu aliikata."

Uso wa Ariel ukalainika papo hapo. Alimwita chérie, akaomba pardon, akasema ni stress tu, wazee waendelee, yeye anaenda kuitazama na kurudi mbio.

"Ukitoka mu ule mulango," Melchior alimwambia, "mi sitakuombea tena bibi."

"Oncle, ni dakika kidogo tu."

Akatoka. Pikipiki ikasikika ikishuka barabara, na mbuzi wake wa mahari wakabaki uani wakitafuna majani ya mgomba.

Melchior aliomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima, mpaka akatia huruma. Kaswera akasema chakula kimeshapikwa na hakina kosa, watu wakae wale. Walipokuwa wananawa, alimwegemea Kahongya sikioni.

"Mais ile affiche ya koko, si alishaka..."

"Tantine, tukule kwanza."

Walikula wakashiba. Melchior aliondoka na mbuzi wake, akimpa Kahongya mkono kwa mikono miwili. Hapo ndipo meseji za Ariel zilipoanza kuingia kwenye simu ya Kahongya.

"Niko kwa koko yako. Ananionyesha jiko. Kahongya, alibandika ile affiche ku ukuta na bugali! Moshi ilimaliza yote, inabakia tu macho."

Halafu nyingine.

"Mvua inanyesha na pikipiki yenye ilinileta ilishaenda. Bazee bangali hapo? Baambie nakuja, chérie."

Kahongya aliwasomea shangazi na wapishi. Kaswera alicheka hadi akashika ukuta. Kahongya hakucheka, aliandika:

"Bazee balishakula, balienda na mbuzi yabo. Mwanamuke wa nyoka, yenye uliniacha kwa sababu yake, iko mbele yako. Oa yeye."

Akazima simu, akapanda juu ya kiti, akabandika vizuri skochi ya bango la treni, iliyokuwa imeanza kubanduka.