Mbuzi Aliyekataa Posa

"Mastura, wazee wanauliza mara ya pili. Umemkubali Mbwana au hukumkubali?" baba akauliza kutoka sebuleni.

Nikanyamaza.

Shangazi Mwanatabu alikuwa ameketi nami mkekani chumba cha ndani, goti lake limekandamiza leso yangu nisiinuke. Kati yetu na sebule palikuwa na pazia jeupe tu. Upande wa pili walikaa baba yangu Mzee Ishaka na wazee waliotoka Kongowea kuniposa kwa niaba ya Mbwana, mwenye malori ya vitunguu.

"Mwari akinyamaza amekubali," shangazi akaninong'oneza, uso umemchanua. "Waulize mara moja tu tena, nipige kigelegele."

Na mimi kusema siwezi. Posa iliyotangulia niliwauliza wageni kwa sauti kama bwana wao anajua kufua shati lake mwenyewe, wakaondoka wameacha kahawa inafuka moshi. Baba aliona haya mtaa mzima wa Mtongwe. Basi jioni ya posa hii, aliporudi kutoka shamba alikolala, wageni wakiwa nyuma yake, nilimkimbilia mlangoni.

"Shikamoo baba. Kuna jambo nataka—"

"Hakuna jambo. Leo ukifungua mdomo mbele ya wageni, wallahi mimi na wewe basi."

"Abee, baba. Sifungui."

Nilimwahidi, na ahadi niliyompa baba siivunji. Lakini jambo lilikuwapo, na jina lake ni Mwidani.

Mwidani alikuwa fundi wa magari katika gereji moja Magongo, huko Changamwe, ila kwao ni nyumba ya pili kutoka kwetu. Tulijuana vizuri harusini kwa jirani. Stima zilipotea, watoto wakaanza kulia, nami nikasogeza taa ya chemni nikawachezea vivuli vya mikono ukutani. Nilikuwa nimemtoa sungura, anatikisa masikio, watoto wanashangilia. Mara kikaja kivuli kikubwa, mdomo wazi, kikammeza.

"Nani huyo?" nikauliza.

"Mamba," sauti ikajibu nyuma yangu.

"Mamba gani ana masikio? Huyo punda. Na punda hali sungura."

"Basi nifundishe mamba."

"Una ada?"

"Nina moyo, kama unapokea."

Watoto wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nishapenda.

Mwidani aliniahidi kumtuma mjomba wake kwa baba. Nikangoja mpaka nikachoka, wakaja hawa wa Kongowea. Nilipopata habari kuwa kesho yake ni posa, nilikwenda dukani kwa Justus nikapiga simu gereji.

"Halo, Mwidani? Mjomba wako amepotea njia? Nyumba ya pili tu hiyo!"

"Mastura, unanichezea? Mjomba alikuja mwezi wa sita. Shangazi yako alimpokea barazani, akamwambia mwenyewe umekataa. Eti hutaki mwanamume anayenuka grisi."

"Mimi?"

"Ndivyo alivyosema."

"Nawe ukaamini?"

"Niliumia, Mastura. Nikiumia huwa siulizi."

"Basi jifunze kuuliza. Kesho magharibi uwe kwenu, umevaa kanzu safi."

"Utafanya nini?"

"Sijui bado. Lakini siolewi na vitunguu."

Sasa nilikuwa hapo mkekani, mdomo umefungwa kwa ahadi, na shangazi ameshavuta pumzi ya kigelegele. Sebuleni wazee walikuwa na kikoroboi tu, mwanga wake hafifu. Karabai yenye mwanga mkali ilikuwa kwetu, inawaka nyuma ya mgongo wangu. Baba akakohoa.

"Mastura, mwanangu, nakuuliza mara ya tatu."

Nikainua mikono.

Mama alifariki nikiwa mdogo, nami nikagoma kusema. Watu walinibembeleza wakachoka. Baba ndiye hakuchoka. Kila jioni alikaa mbele ya taa, akakunja vidole, akatoa mbuzi ukutani mwenye pembe na ndevu. Mbuzi wa baba aliuliza, mbuzi wangu akatikisa kichwa au akaitikia. Hivyo ndivyo nilivyorudi kwa watu. Nilipokua mchezo ule ukaisha, na hatukuutaja tena.

Mbuzi akatokea kwenye pazia, mkubwa, pembe zimesimama.

"Jamani, kuna mbuzi pale," mzee mmoja akasema.

"Namwona," baba akajibu. Sauti yake haikuwa tena ile ya mlangoni.

Shangazi akanidaka mkono. "Una wazimu? Unatuaibisha!"

"Mwanatabu," baba akaita, "mwache mtoto."

Akaniachia. Nikamsikia baba akisogea karibu na pazia.

"Mbuzi, ushakula?"

Ndilo swali lake la zamani. Mbuzi akaitikia kwa kichwa.

"Mbuzi, unamtaka Mbwana?"

Mbuzi akatikisa kichwa mpaka ndevu zikapepea.

"Kuna mwengine?"

Akaitikia.

"Mbona hajaja kwangu?"

Hilo mbuzi hawezi kulijibu kwa kichwa. Nikafumbua vidole nikatoa ndege. Akaruka kutoka pembeni ya pazia, anakuja, anakuja, akakaribia kutua. Hapo nikamtoa mamba, mamba wa sawasawa asiye na masikio, akafungua taya akammeza.

"Alikuja," baba akasema taratibu. "Akamezwa mlangoni. Na nani?"

Nikashusha mikono yangu mapajani. Kazi yangu ilikuwa imekwisha.

"Mbona wote kimya?" shangazi akapayuka. "Mnanishuku mimi? Kwani nimemuua mtu? Yule mjomba wa Mwidani nilimwambia tu kwamba…"

Akaziba mdomo kwa leso. Alikuwa amechelewa.

"Ulimwambia nini, dada?" baba akauliza.

"Nilimtakia mtoto nyumba nzuri, Ishaka! Mwidani ana nini zaidi ya grisi?"

"Na kumzushia mwanangu maneno ambayo hakuyasema, hiyo nayo ni nyumba nzuri?"

Shangazi akainama.

Mzee mkubwa wa Kongowea akacheka kidogo. "Mzee Ishaka, tulikuja kuomba, hatukuja kunyang'anya. Mwana ameshajibu. Tupe kahawa tunywe, tuondoke kwa amani."

Baba akafunua pazia. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Nilikukataza kusema."

Nikamwonyesha midomo yangu, imebana. Akacheka na machozi yanamtoka.

"Haya, sema."

"Mwidani, baba. Yuko kwao sasa hivi, amevaa kanzu."

"Kumbe mmepanga!"

"Nimepanga kanzu tu, wallahi."

Mwidani alikuja usiku uleule na mjomba wake. Baba alimpokea barazani yeye mwenyewe.

Siku ya nikaha nilikuwa nimepakwa hina mpaka kwenye viwiko, mbichi bado. Aliyeketi akinipepea ni shangazi. Alikuwa amenililia siku nzima nikamsamehe, kwa sharti kwamba wageni wote wa barazani watapokewa na mwengine. Baba akaingia kuniuliza ridhaa yangu kabla ya wanaume kwenda msikitini.

"Mastura, nikuoze Mwidani? Umeridhika?"

Kwa mazoea nikainua mikono.

"Hina!" shangazi akapiga ukelele.

Baba akaishika mikono yangu chini ya viwiko, pasipo na hina, akaishusha polepole.

"Leo mbuzi apumzike, mwanangu. Fungua mdomo."

"NIMERIDHIKA!"

Nilisema kwa pumzi zote. Mara kutoka nyumba ya pili ikajibu sauti ya mwanamume asiyeona haya hata kidogo:

"NA MIMI!"

Kigelegele cha kwanza alikipiga shangazi.