Sumu katika Tanuri la Rasulganj

Lori lilivunja kizuizi cha lango bila kupunguza mwendo. Mlinzi akaruka pembeni, chai yake ikamwagika.

Afisa Lavanya Bisht alikuwa mita hamsini nyuma, juu ya pikipiki ya Royal Enfield.

"Chui Mmoja, uko wapi?" Sauti ya Mkuu Saxena ilikwaruza redioni, sikioni mwake.

"Nyuma yake, Mkuu. Limeingia kiwandani."

"Lisimwage."

Lori lilibeba mapipa arobaini ya sumu, yaliyoingizwa India kwa magendo yakiitwa mabaki ya vyakula. Genge lilipanga kuyachanganya na taka za mji, yachomwe katika tanuri la kuzalisha umeme. Ushahidi wote ungepotelea kwenye bomba la moshi.

Lavanya alichelewa.

Mapipa yalikwisha kuporomoka katika shimo la taka. Makucha ya kreni yalikuwa yameyabana manne, yakipanda kuelekea mdomo wa tanuri.

Lavanya alipanda ngazi mbili mbili, akapiga teke mlango wa kibanda cha kreni. Bastola ya Glock mkononi.

"Shusha!"

Mwendeshaji, mzee mwembamba aitwaye Dharampal, hakugeuka. "Nikishusha, binti yangu, kesho sina kazi."

"Usiposhusha, kesho huna mapafu. Unakaa wapi, mzee?"

"Nyuma ya ukuta huo."

Mzee akavuta wenzo wa kreni. Makucha yakashuka taratibu.

Mtu akapiga makofi mlangoni. Tandon, msimamizi wa kiwanda. Suti ya kijivu, bastola ya Beretta kiunoni.

"Hongera, afande. Umefika karamuni watu wanaosha vyombo."

Akaichomoa.

Lavanya alikuwa mwepesi zaidi. Risasi moja, begani. Beretta ikaanguka shimoni.

"Vyombo gani?" aliuliza akimfunga pingu.

Tandon akauma meno. "Hili ni lori la kumi na mbili. Kumi na moja tumeshachoma. Tangu sikukuu ya Holi."

Dharampal akaketi sakafuni.

"Mke wangu anakohoa damu tangu Holi," alisema. "Daktari alituambia ni vumbi."

Lavanya akabonyeza redio. "Mkuu, shehena tumeiwahi. Lakini shehena za malori kumi na moja zimeshachomwa. Watu waambiwe, wahamishwe."

Saxena akajibu:

"Wewe ulitumwa kwa lori moja, Chui. Kazi nzuri. Na tanuri lisizimwe, hospitali inategemea umeme huo."

Redio ikakatika.

"Mzee, mpeleke mkeo hospitali leo hii," Lavanya alisema. "Waambie ni sumu, si vumbi."

"Wana dawa yake?"

"Hawana."

Akavaa kofia yake ngumu, akashuka ngazi. Askari waliokuwa wakiwasili walimpigia saluti. Akapita katikati yao kwa mwendo wa kawaida, asimtazame yeyote.