Jiwe Lililorukwa Mlangoni

Mwashi alinyongwa au hakunyongwa, nitafika huko, msinikimbize. Zamani hizo Uingereza wafalme waligombania namna ya kusali. Mfalme mzee aligombana na Papa, akavunja nyumba za watawa, akafa. Akaja mwanawe, mtoto bado, wakubwa wake wakaamuru altare za mawe, meza zile za Misa, zitolewe, ziwekwe meza za mbao. Naye akafa. Akaingia dada mkubwa: rudisheni mawe! Akafa. Akaingia dada mdogo: toeni, na safari hii mvunje kabisa.

Sasa hayo mambo ya kifalme, katika kijiji kimoja kazi yote ilikuwa ya mtu mmoja, Hamfri, mwashi. Jiwe lenyewe la altare refu kama mlango, lina misalaba mitano ya kuchongwa. Kulitoa yeye, kulirudisha yeye, mgongo umekwisha. Safari hii ya mwisho akashika nyundo, akaitazama ile misalaba, mikono ikakataa. Akaligeuza kifudifudi, akalilaza mlangoni mwa kanisa kama jiwe la sakafu tu.

Mkewe Agnesi, mtu wa Misa ya zamani yule, akamwambia, "Wewe mzee, watakunyonga."

"Wanyonge. Nitapumzika."

Basi akaja mkaguzi wa malkia kuhakikisha mawe yamevunjwa, upanga kiunoni, joho limejaa matope ya njiani, na askari wake nyuma. Ibada ikaisha, watu wakatoka. Na hapo ndipo walipoharibu! Maana kila mtu alijua pale chini pana nini, na nani angelikanyaga? Wakawa wanaruka. Vikongwe wanaruka, magauni wameyashika. Mmoja akapiga na ishara ya msalaba, mazoea.

"Mbona mnaliruka jiwe hili, lina moto?" mkaguzi akauliza. "Mwashi ni nani hapa?"

Hamfri akasogea, kofia mkononi.

"Leteni mtaimbo, ligeuzwe," mkaguzi akaamuru.

Agnesi akampita mumewe. Akapanda juu ya jiwe na viatu vyake vya mti, vimejaa tope la nguruwe, akakwangua kimoja, akakwangua na kingine, pale pale, uso umemlowa machozi.

"Linateleza, bwana mkubwa. Juzi limeniangusha. Mnataka na hawa wazee wavunjike?"

Mkaguzi akaitazama miguu, akautazama uso. Alishajua pale chini pana nini. Mtu mzima yule, naye alikuwa ameapa kwa dini zote hizo, kila alipoingia mwenye taji mpya. Akamrudisha askari wa mtaimbo kwa mkono.

"Mama," akasema, "niko juu ya farasi tangu alfajiri. Kwako kuna chakula?"

"Supu ya njegere tu, bwana, na mkate wa shayiri."

"Inatosha."

Wakaenda. Agnesi akapakua, wakasimama wameizunguka meza, na hakuna aliyeanza kusali, maana hakuna aliyejua sala ipi ni halali mbele ya nani. Hamfri akamtazama mkaguzi, mkaguzi akamtazama Agnesi. Supu inapoa.

"Tuketini tu," mkaguzi akasema. "Mungu anajua tuna njaa."

Wakaketi wote, wakala, na hakunyongwa mtu.