Marehemu Anayezeeka Kwenye Picha

"Leonard, huyu si Rosa?"

Leonard alikuwa amepanda kiti, ananyoosha picha ya mwisho ukutani. Nyundo ilimtoka mkononi. Aligeuka, akamwona Ignas kasimama katikati ya ukumbi, daftari mkononi.

"Ignas! Wewe si uko Mwanza?"

"Gazeti limenihamishia Dar. Nimetumwa hapa Morogoro kuandika habari za maonyesho haya. Nijibu. Huyu si Rosa?"

"Ndiye. Nimemchora kwa kumbukumbu tu. Mungu amlaze pema."

Ignas alivua kofia.

Zamani hawa wawili walikuwa marafiki wa kulala kitanda kimoja. Rosa, binti wa kijiji cha Kinole, Morogoro, alikuwa mchumba wa Ignas, na posa ilikwisha kupokelewa. Ignas akaenda Mwanza kuanza kazi, arudi kuoa baada ya mavuno. Badala yake Leonard alimfuata kwa gari moshi na habari nzito: homa imemchukua Rosa, na wamekwisha kumzika. Tangu hapo Ignas hakukanyaga tena Morogoro, mpaka leo. Hakuoa. Mara kwa mara alimwona Rosa kwenye umati wa watu, akamkimbilia, akakuta ni mtu mwingine anayemshangaa.

Ukumbi ulikuwa bado haujafunguliwa kwa watu. Ignas alipita vinyago vya wachongaji wa Msumbiji bila kuviona, akarudi kwenye ukuta wa Leonard. Kazi yake ilikuwa kutazama, na sasa alitazama kweli.

Rosa amebeba mkungu wa ndizi, msichana. Rosa kwenye shamba la ujamaa, jembe begani, mjamzito. Rosa kwenye foleni ya duka la ushirika, mashavu yamelegea kidogo. Rosa anasuka ukili wa mkeka, na juu ya sikio lake kuna mvi.

Alisogea karibu zaidi.

"Leonard."

"Naam."

"Mbona marehemu anazeeka?"

Leonard alicheka kicheko kikavu. "Ah! Msanii ana uhuru wake, bwana. Nilimwazia tu angekuwaje."

"Na hili kovu la mkononi? Mimi sikulijua."

"Aliungua na uji wa mtoto, si unajua vile jiko la..."

Akajiziba mdomo. Ndala zikasikika zinaburuzwa barazani.

"Hodi! Baba Martina, umetoka nyumbani alfajiri hata chai hujanywa. Nimepanda basi nikuletee..."

Mwanamke aliingia na bakuli lililofungwa kwa kitambaa. Alimwona mgeni. Bakuli likamponyoka, wali ukamwagika sakafuni.

"Rosa?" Sauti ya Ignas ilikuwa ndogo kama ya mgonjwa. "Ni wewe, au nimeshaanza wazimu?"

"Umefuata nini huku?" Rosa alimjibu kwa ukali. "Mkeo yuko wapi?"

"Mke gani?"

"Yule nesi uliyemuoa Mwanza! Leonard alirudi akatuambia. Mama alilia wiki nzima. Mimi ndiyo usiseme."

"Sijaoa, Rosa. Sijawahi kuoa. Leonard aliniambia umekufa." "Kila Novemba nimekuwa nakuombea misa ya marehemu."

"Mimi?"

"Wewe. Padri anataja jina lako, napiga magoti."

Rosa alijishika kifua, kama anayehakikisha moyo unapiga. "Misa ya wafu! Na mimi niko Mlali, napika, nazaa, nalima. Baba Martina, anasema kweli?"

Leonard alishuka kwenye kiti, akakaa sakafuni.

"Nilikupenda kabla yake," alisema. "Yeye alinitangulia kusema tu."

"Sijauliza hayo. Anasema kweli?"

"Kweli."

Rosa hakupiga kelele. Alitembea kutoka picha hadi picha, akijitazama. Alipofika kwenye ile ya mvi, aligusa nywele zake.

"Miaka yote hii nilikuwa nakushukuru, Leonard. Nasema, huyu ndiye aliyeniokota nilipoachwa."

"Mama Martina, nisamehe. Watoto..."

"Watoto nakwenda nao kwa mama, Kinole. Usitufuate."

Ignas alipiga hatua. Rosa akamzuia kwa kiganja.

"Na wewe usinifuate leo. Siku ukija, anza kwa mama. Umsalimie, umwambie kwa mdomo wako kwamba hukuoa."

Akatoka.

Alasiri Ignas alipiga simu gazetini kutoka posta.

"Enhe, maonyesho vipi?" mhariri aliuliza.

"Mazuri. Vinyago vya Msumbiji ni vizuri, lakini andika kwamba picha za Leonard wa Mlali zinapita vyote. Yule mwanamke yuko hai mle."

"Mbona unatetemeka sauti? Malaria?"

"Andika tu, mzee. Na Jumapili naomba ruhusa. Nina safari ya Kinole."

Gazeti lilipotoka, watu walifurika ukumbini. Leonard alipongezwa mpaka mkono ukauma. Jumapili jioni, walipokwisha kuondoka, mama mmoja alibaki mbele ya picha ya mwisho.

"Mwanangu, inaonekana unampenda sana huyu. Kwa nini hukuja naye tumpongeze?"

"Amesafiri, mama."

"Anarudi lini?"

Leonard alijifanya anapanga viti. Mama akaaga. Alipobaki peke yake, Leonard alianza kuzigeuza picha, moja baada ya nyingine, uso ukutani. Kila aliyoigeuza, zilizobaki zikawa kama zinazidi kumkazia macho. Ya mwisho aliishika, akaiachia. Akatoka haraka bila kufunga mlango.